Safari ya misioni ya usharika kwenda Karonga: twende watu 22, au tutume fedha?

Katibu wa Kamati ya Misioni, Moshi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Usharika wetu wa Kilutheri hapa Moshi mjini unaandaa safari ya misioni ya wiki mbili kwenda Karonga, kaskazini mwa Malawi, mwezi wa saba mwakani. Wanaotarajiwa kwenda ni watu 22, wengi wao wanakwaya wa vijana, pamoja na wazee wa kanisa wawili na muuguzi mmoja. Ratiba tuliyoipanga ina mkutano wa Injili wa jioni, semina ya vijana, kupaka rangi madarasa ya shule ya msingi iliyo jirani na kanisa la wenyeji, na siku moja ya kupima shinikizo la damu na sukari. Wenyeji wetu ni Wapresbiteri wa Sinodi ya Livingstonia. Tulifahamiana nao kupitia msharika wetu anayefanya biashara ya mchele kati ya Kyela na Karonga, na tulipowaandikia kuomba kwenda, walijibu kwa barua fupi kwamba tunakaribishwa.

Tangu Pasaka tumekuwa tukichangisha kwa mnada baada ya ibada, na kuna mkungu wa ndizi ulionunuliwa na kurudishwa mezani mara kadhaa asubuhi moja kwa ajili ya safari hii, kwa hiyo washarika wana kila haki ya kuuliza maswali. Katika kikao kilichopita mzee mmoja aliuliza kwa nini tusitume fedha zenyewe, ilhali nauli, chakula na malazi vinachukua zaidi ya theluthi mbili ya makisio. Vijana walimjibu kwamba kanisa lisilotoka kwenda kwa wengine haliwezi kujiita la kimisionari. Kikao kilifungwa bila upande wowote kukubali, na mchungaji kiongozi ameniagiza nilete maelezo mbele ya baraza la wazee. Naomba wenye uzoefu wanisaidie: je, hoja ya mzee ina uzito, na kama tutakwenda, ni nini kinachopaswa kubadilishwa katika mpango huu?

Mama wa Usa River

Katibu, nakusalimu katika jina la Bwana. Nakujibu nikiwa upande wa wanaopokea, kwa maana usharika wetu umepokea vikundi vya wageni kutoka Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, nami nimekuwa jikoni na kwenye kamati ya mapokezi.

Barua ya kuwakaribisha isiwape faraja kubwa. Katika nchi zetu hizi hakuna mzee wa kanisa atakayemwandikia Mkristo mwenzake kwamba asije. Mgeni akishajitangaza, linalobaki kwa mwenyeji ni kutafuta magodoro. Kikundi cha watu ishirini kinapofika kwetu, akina mama wanaacha biashara zao soko la Tengeru kwa siku zote za ugeni, mwalimu mkuu anasimamisha vipindi ili watoto waimbe, na mchungaji anaahirisha kuwatembelea wagonjwa mitaani. Gharama hizo hazimo katika makisio ya mgeni, na mwenyeji hawezi kuzitaja bila kuonekana hana adabu.

Kikundi kimoja kilituletea cherehani sita za umeme, mpya kabisa, kwa ajili ya mabinti wanaojifunza ushonaji. Hatukuwa tumeulizwa. Zilikuwa zimetengenezwa kwa umeme wa volti 110 hadi 120 unaotumika kwao Marekani, na wetu ni wa volti 230. Ya kwanza ilipochomekwa ukutani ilianza kunuka plastiki inayoungua kabla mwalimu hajaweka kitambaa chini ya sindano. Tano zilizobaki ziko stoo ya kanisa hadi leo zikiwa kwenye maboksi yake, kwa sababu baraza liliona kwamba fedha za kununulia transfoma ni heri zinunue cherehani za kukanyaga kwa miguu, ambazo ndizo tungeziomba kama tungeulizwa.

Kwa hiyo mzee wenu ana hoja, ila hakuifikisha mwisho. Fedha nazo zikitumwa bila kuuliza zinaweza kuishia stoo kama cherehani zetu. Na kuhusu kupaka rangi, Karonga kuna mafundi rangi wenye familia. Kijana wa kwaya anaposhika brashi kwa siku tatu, kuna mtu anayekosa kibarua cha siku tatu. Andikeni barua ya pili isiyotaja madarasa wala mkutano, muwaulize wenyeji ni kazi gani wamekwisha kuianza wenyewe na imekwama wapi, na muwaambie waziwazi kwamba wakisema msije mwaka huu hamtakwazika.

Mwinjilisti Mstaafu, Machame

Nakubaliana na Mama, nami naongeza jambo ambalo huenda vijana hawajalifikiria. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika hapa Machame mwaka 1893. Waskoti, akiwamo Robert Laws, walifika Ziwa Nyasa mwaka 1875, na kituo cha Khondowe, kilichokuja kuwa Livingstonia, kilianzishwa mwaka 1894. Kwa maneno mengine, Injili ilikuwa imekwisha kuhubiriwa ng'ambo ya ziwa lile miaka 18 kabla ya watu wa Leipzig kupanda mlima wetu. Mnapowaandalia watu wa namna hiyo mkutano wa Injili wenye mhubiri kutoka Moshi, kwaya kutoka Moshi na spika kutoka Moshi, mnatarajia wao wafanye nini, zaidi ya kujaza viti? Kama mkutano utakuwapo, mhubiri awe wao, nanyi muwe waimbaji na wasikilizaji.

Jambo la pili ni kumbukumbu za mahali. Karibu na Karonga ndipo Mlozi alipokuwa na ngome yake, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye yeye na watu wake waliitwa Waswahili. Mapigano kati yao kwa upande mmoja, na Wangonde pamoja na kampuni ya Waskoti kwa upande wa pili, yalianza mwaka 1887, na uhasama haukwisha kabisa mpaka Mlozi aliponyongwa Desemba 1895. Sisemi kwamba mtapokewa kwa chuki, la hasha. Watu wa pande zile wanapita mpakani Kasumulu kila siku kwa biashara, wengi wanaelewa Kiswahili, na Kingonde ni ndugu wa damu wa Kinyakyusa. Nasema tu kwamba mgeni anayekuja na Kiswahili chake pamoja na nia njema asidhani kwamba yeye ndiye wa kwanza kuingia pale.

Sisi wenyewe tunalijua hili kwa upande wa kupokea. Oktoba 1896 vijana wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, Meru, wakiwa ndio kwanza wamefika kuanza kazi. Walikuja kwa amani, lakini kikosi cha askari wa Kijerumani kilikuwa kimepiga kambi jirani, na wenyeji hawakuwa na sababu ya kuwatofautisha wageni wenye biblia na wageni wenye bunduki. Baadaye, mwaka 1920, Waingereza walipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, sharika za Kilimanjaro hazikufungwa: walimu na wazee wa hapa hapa ndio walioendesha ibada, mafundisho ya kipaimara na shule mpaka Wamarekani wa sinodi ya Kilutheri ya Augustana walipokuja kusaidia. Kazi iliendelea kwa sababu ilikuwa tayari mikononi mwa waliobaki, na hicho ndicho ningekitafuta Karonga: ni nani atakayeiendeleza semina yenu ya vijana mwezi wa nane, baada ya gari lenu kuondoka?

Ushauri wangu ni kwamba waende watu wanne au watano wenye ujuzi ulioombwa, na sehemu ya fedha inayobaki iwalete wawili au watatu kutoka Karonga waje wakae na usharika wenu, wahubiri Jumapili, wakague vitabu vyenu vya miradi na kuwauliza maswali magumu.

Muuguzi wa Soweto, Moshi

Naomba nizungumzie siku ya afya peke yake. Kupima shinikizo la damu ni kazi ya dakika tano, na ndiyo maana huwavutia wanaopanga safari. Swali ni la mama mwenye umri wa miaka 60 atakayekutwa na 190 kwa 110 saa nne asubuhi chini ya mwembe: nani atampa dawa, nani atampima tena baada ya wiki mbili, na jina lake limeandikwa kwenye daftari la nani? Kama jibu ni daftari lenu mtakalorudi nalo Moshi, acheni. Ofisi ya afya ya wilaya ijue mapema, kazi ifanyike kwenye zahanati iliyopo chini ya wauguzi waliopo, na muuguzi wenu awe msaidizi wao, kwa kuwa leseni yake ya Tanzania haimpi ruhusa ya kuhudumia wagonjwa Malawi.

Kwa wasafiri wenyewe, nina mambo matatu. Kijana aliyekulia Kibosho au Marangu hana kinga ya malaria ya mtu wa pwani ya ziwa, kwa hiyo amwone daktari mapema kuhusu dawa za kujikinga, ambazo baadhi yake huendelea kumezwa kwa wiki nne baada ya kurudi, na watu hapo ndipo wanapoacha. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabika siku ya kumi baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 chanjo moja inatambulika kwa maisha yote, kwa hiyo mwenye kadi ya zamani asilipie mpya. La tatu ni ziwa lenyewe. Maji yake ni mazuri, mchana ni wa joto, na kwaya nzima itataka kuoga. Lakini lina kichocho, na kipimo kinachofanywa mara tu baada ya kurudi kinaweza kuonyesha kwamba mtu ni mzima wakati mayai ya minyoo bado hayajaanza kutoka. Mwenye kuingia majini apimwe baada ya miezi miwili au zaidi.

Dereva wa Masafa

Kwa ufupi, maana wakubwa wamekwisha kusema. Moshi hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa njia za kawaida. Msijidanganye kwamba Kosta itafika kwa siku moja ikiwa na kwaya inayotaka kushuka kila penye mahindi ya kuchoma. Laleni Iringa au Makambako. Kutoka Mbeya mnashuka Tukuyu hadi Kasumulu, mnavuka mto Songwe, na Karonga haiko mbali tena. Watanzania tunaingia bila viza, ila kila mtu awe na pasipoti yake. Gari liwe na bima ya COMESA, ile ambayo huitwa kadi ya njano kama inavyoitwa ile ya chanjo, na nimeshuhudia kiongozi wa msafara akimpa ofisa wa forodha kadi yake ya chanjo kwa kuchanganya. Jazeni mafuta Kyela, kwa kuwa upungufu wa mafuta umekuwa ukijirudia Malawi, na rudisheni saa nyuma kwa saa moja. Na tafadhali, mjadala wa mpaka wa ziwa kati ya Tanzania na Malawi uachwe ndani ya gari.

Katibu wa Kamati ya Misioni, Moshi

Nawashukuru nyote, na naomba radhi kwa kuchelewa kurudi. Nilikuwa nasubiri jibu. Tuliandika barua ya pili kama Mama alivyoelekeza, na mara hii lilikuja jibu la kurasa tatu. Wanasema mwezi wa saba wengi wao bado wanahangaika na mpunga shambani, kwa hiyo wangependa mwishoni mwa mwezi wa nane. Madarasa hayakutajwa hata kwa sentensi moja. Wanachoomba ni mtu wa kukaa na kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, ambacho hesabu zake zimevurugika baada ya mtunza hazina kuhama, na wanauliza kama vijana wao wawili wanaweza kuja Moshi kujifunza matarumbeta, kwa kuwa wamesikia kwamba sharika zetu zina bendi.

Baraza limekubali. Watakwenda watu watano, akiwamo mama mmoja anayeongoza kikoba hapa kwetu na msharika mwenye asili ya Rungwe atakayetafsiri, na muuguzi atakwenda endapo tu ofisi ya afya ya kule itamhitaji. Vijana wa kwaya hawajafurahi, na mwenyekiti wao ameniambia hivyo bila kuzunguka. Ninachokwama nacho sasa ni fedha: zilichangwa kwenye mnada kwa jina la safari ya kwaya, na baadhi ya wazee wanaona tuzihamishie kwenye mpango mpya bila kulitangaza jambo hilo, kwa kuwa lengo ni lile lile la misioni.

Mwinjilisti Mstaafu, Machame

Msifanye hivyo, Katibu. Aliyenunua ule mkungu wa ndizi aliambiwa ni safari ya kwaya. Someni Jumapili, kwenye matangazo, kiasi kilichopatikana, mpango wa mwanzo, barua ya Karonga jinsi ilivyo na mpango mpya. Anayetaka mchango wake aupeleke mahali pengine apewe hadi mwisho wa mwezi kusema. Na barua hiyo asiisome mchungaji, aisome huyo mwenyekiti wa kwaya.