Kebo ya aksileta ya R1150RT yakatika nyuzi, nitie ya Bajaj Boxer ama ningoje orijino?

rt_kizingo:
Salama wadau. Nna BMW R1150RT ya 2003, piki ya safari, siendi nayo kazini. Siku hizi aksileta imekuwa nzito na nikiachilia hairudi pap, yarudi pole pole na saa zingine yashika kidogo halafu ndo yaachia. Nkafungua pale kwenye gripu nkaona nyuzi za kebo zimeanza kukatika, kadhaa zishachomoka zachoma vidole. Fundi wangu wa Mwembe Tayari asema kuagiza ni kutupa pesa, yeye achukua waya ya Boxer, hizi piki za boda, akata kwa kipimo, atia risasi ya kulehemu kwenye kichwa cha waya, leo leo natoka. Madukani nshazunguka hata hawajui nasema nini, mmoja kanitolea waya ya klachi. Nataka kwenda Lushoto kupitia Lunga Lunga na mama watoto nyuma na mizigo. Je hio ya Boxer itashika? Na nikiagiza orijino naeza kujifungia mwenyewe ama mpaka niipandishe Nairobi? Spana nnazo, subira ndo kidogo.

mzee_tapeti:
Shekhe hio piki isimamishe leo. Si kwamba kebo itakatika uachwe njiani, ikikatika zile springi zafunga zenyewe injini yashuka, unasukuma tu. Balaa ni zile nyuzi zilochomoka zikikwama ndani ya ala ya kebo aksileta ikiwa wazi, hapo uko Mazeras nyuma ya trela na piki haitaki kupunguza. Ikikupata kabla hujaiegesha shika klachi uzime ile swichi nyekundu, usianze kupigana na gripu.

Kuhusu Boxer. Boxer ina silinda moja na kabreta moja, waya yavuta springi moja. Yako kebo moja yatoka kwa gripu hadi kile kijumba cha plastiki chini ya tangi, humo ndani mna gurudumu dogo, hapo ndo yagawanyika kuwa kebo mbili, moja ya silinda ya kushoto moja ya kulia. Yani ile ya juu yavuta mzigo wa pande mbili peke yake, ndo maana hukatika pale pale kwa gripu inapopinda. Hapo nyumbani waeza ukabahatika, lakini na mtu nyuma hadi milima ya Usambara, mi singekubali.

Ukiagiza mpe muuzaji tarakimu 7 za mwisho za namba ya chesisi, usikisie, hendo ya RT si kama ya ndugu yake GS. Na usiagize ile ya juu tu, zitazame na zile mbili za chini, kwa chumvi yetu hii zaeza kuwa zishaanza kutu.

Kufunga ni kazi ya nyumbani kabisa, Nairobi ya nini. Toa makava ya pembeni, toa tangi, na tangi usilitoe likiwa limejaa, lachukua lita 25, utavunjika mgongo. Pole pole na zile viungo za mipira ya petroli kama bado ni za plastiki, hukauka zikavunjika mkononi, na injini iwe baridi. Kabla hujachomoa kebo ya zamani ipige picha kila inapopita halafu funga uzi wa nailoni kwenye ncha yake, ukiivuta uzi wabaki njiani, unatumia huo huo kuivutia mpya. Hapa watu wengi huharibu, kebo yapita upande usio wake, wakikata kona yavutwa, RPM zapanda zenyewe. Ukimaliza washa, zungusha hendo kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, mshale wa RPM usisogee hata kidogo. Gripu nayo zina nyaya za kupasha moto mikono (Mombasa! haya) usizivute zikakatika.

Sasa kubalansi, na hapa ndo fundi wako wa Boxer hatajua, si kosa lake, boda haina kitu hicho. Silinda mbili lazima zivute hewa sawa. Kwanza pima tapeti (ule upenyo wa valvu) injini ikiwa baridi, 0.15 mm valvu za kuingiza na 0.30 mm za kutolea, bila hivo wabalansi uongo. Halafu chukua mpira mwembamba wa kuonekana ndani, mita kadhaa, upinde uwe U kwenye ubao, tia ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) chini, ncha moja kila upande pale kwenye vitundu vya vakyumu chini ya throto bodi, pale hewa inapoingilia kila silinda. Oili ikipanda upande mmoja, upande huo ndo wavuta zaidi. Injini ikinguruma bure, kama RPM 1100 hivi, warekebisha kwa zile skrubu kubwa za shaba. Ukipandisha mpaka kama 2000 warekebisha kwa adjasta za kebo. Ile skrubu yenye rangi ya kiwandani usiiguse. USIIGUSE.

boxa_likoni:
Mi ndo hao mafundi wa Boxer mwawasema 😂 Mzee yuko sawa lakini msitutoe maana. Waya yenyewe si mushkila, mushkila ni kichwa. Fundi mvivu apitisha waya kwenye kifundo adondosha risasi juu basi, hio yachomoka siku ya pili. Yataka uzifumue nyuzi zitanuke ka ufagio ndani ya kile kifundo cha shaba, ndo risasi iingie mpaka chini, halafu uoshe ile asidi ya kulehemu vizuri maana ukiiacha yaila waya. Nimetengezea watu hivo na wamefika, ila nawaambia ni ya kufikia nyumbani. We agiza orijino, hio ya Boxer nunua uieke kwa begi pamoja na kile kifundo cha baiskeli cha kukaza na bisibisi, siku ya siku yakutoa Lunga Lunga.

nyali_mke_na_piki:
Naongeza kwa wenye piki zingine. Mi nna FJR1300 ya zamani, kabla ya 2013 walipotia aksileta ya umeme. Yetu ina kebo mbili, moja yafungua moja yafunga, kwa hivo weka alama kabla ya kutoa, na uchezo pale kwenye gripu uwe 3 hadi 5 mm. Ukikaza sana ukidhani ndo itakuwa kali, piki haishuki vizuri.

Na wacheni kawoshi wapige presha kwenye hendo. Maji yaingia pale kwenye kibuti cha raba, hayatoki, na hewa ya bahari yamalizia. Kebo mpya zina plastiki ndani, msizijaze grisi nzito, yashika vumbi la mchanga ndo zaanza kuwa nzito tena.

rt_kizingo:
Shukran sana, nshaifunika, naagiza zote tatu. Mzee kitu kimoja, nikibalansi hapa na hili joto piki ikisimama tu si itaungua? Haina maji hii.

mzee_tapeti:
Yaungua kweli, yapozwa na hewa na oili tu. Izungushe kwanza mpaka Nyali urudi ipate moto wake, halafu feni mbili kubwa, moja kila silinda. Fanya alfajiri. Washa, soma, rekebisha, ukiona wachelewa zima, ipoe, rudia. Na hakikisha ile lever ya choke ya kushoto imezimwa kabisa kabla hujasoma chochote, hio si choke ya kweli, yafungua throto tu, ikibaki wazi kidogo utazungusha skrubu mpaka adhuhuri.