Naomba msaada: saa za Pangani na za Kemi (Finland) zinapishanaje?

Bi_Bweni: Wanajamvi, habari za jioni. Mimi niko Pangani, Tanga. Mchumba wangu yuko Kemi, mji mdogo wa bandari kaskazini mwa Finland. Nikipiga simu hapatikani, akipiga yeye nimeshalala. Saa zetu zinatofautiana kiasi gani, na mji wenyewe ukoje kwa mtu aliyezoea huku kwetu? Nina wiki moja ya kuamua jambo, usingizi sipati.

Baharia Mstaafu: Dada, tatizo si saa. Tangu Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa zao na zetu ni zilezile. Baada ya hapo wanarudisha nyuma, tunawazidi saa moja tu. Mimi pande hizo nimefika na meli ya mbao. Februari bahari inakuwa sakafu, meli ya kuvunja barafu inatangulia nanyi mnafuata nyuma yake. Usiku kucha barafu inakwaruza ubavu wa meli, krrr, krrr. Nilimkumbuka mama yangu nikalia.

Mama Wawili: Mchumba hajaleta hata posa, unamfuata kwenye barafu? Wazee wanajua? Na Juni huko giza haliingii, Ramadhani ikiangukia hapo utafuturu saa ngapi?

Kijana wa Chumbageni: Saa moja haiwezi kuwapishanisha hivyo. Unaamua jambo gani? Kuna kitu unaficha.

Bi_Bweni: Haya, nasema. Ni shamba la minazi la marehemu baba, ng'ambo ya mto. Ameniambia niuze nimtumie hela ya kushughulikia viza. Nimeshapokea arubuni, milioni mbili. Msinihukumu jamani. Minazi imezeeka, nazi zinaibiwa, ndugu zangu hata kupalilia hawaji. Na ananipenda. Desemba tu hii alinipigia kwa video saa kumi na moja jioni yuko bandarini Kemi, jua jekundu linazama, mawimbi yanameta.

Kijana wa Chumbageni: Hii chai. Katikati ya Desemba Kemi wanaliona jua kwa muda wa kama saa tatu tu, na saa nane na nusu mchana limeshazama. Saa kumi na moja yako kwao ni saa kumi, giza totoro. Umetunga.

Mama Wawili: Nilijua. Watu wanatuchezea akili humu.

Baharia Mstaafu: Taratibu jamani. Mtu wa kutunga asingetaja arubuni. Dada, uko? Siku ile ulipiga picha ya skrini?

Bi_Bweni: Niko. Ninayo, ni ya tarehe 14 Desemba. Nimeikuza sasa hivi. Kavaa kandambili.

Baharia Mstaafu: Usisaini kitu, mwanangu. Rudisha arubuni kesho asubuhi.

Bi_Bweni: Nusu nimeshamtumia.