Wachezaji wangu wameniuliza kwa nini miungu wanacheza, nimekosa jibu. Naombeni ushauri

Mwana wa Mikindani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nipo Mtwara mjini. Kila Jumamosi jioni tunakusanyika wanne uani kwetu, tunacheza ule mchezo wa kuigiza wahusika. Mimi nasimulia dunia, wenzangu kila mmoja ana mtu wake: kuna mvuvi, mganga, na mwizi mstaafu. Jambo likiwa na mashaka tunaachia bahati. Dadu ya pande 20 hatuna, kwa hiyo tumechukua korosho 20, tukaziandika namba kwa kalamu ya wino mzito, zinakaa kwenye soksi. Unatia mkono, unatoa moja.

Sasa kwenye dunia yangu nimeweka miungu saba wanaocheza mchezo huko juu, na kila hatua yao inashuka huku chini kama vita, njaa au mvua. Niliona imekaa vizuri. Wiki iliyopita wakakutana na kuhani mlimani, mganga (anayemwigiza ni nesi, hadanganyiki kirahisi) akamuuliza: "Wanacheza kwa nini? Si wana kila kitu? Wanashindania nini?"

Nikajibu, "Wamechoka kukaa bure."

Walinicheka. Halafu mwizi mstaafu akasema kama sisi ni vitu vya kuchezea tu, mipango ya nini? Akairudisha korosho kwenye soksi, akaomba chai. Mchezo ukaishia hapo.

Na mama amesikia "miungu saba" kupitia dirishani, anataka maelezo ya kinachoendelea uani kwake. Nisaidieni yote mawili.

Korosho Ghafi

Hizo 20 zimebanguliwa au na maganda? Kama ni na maganda na kuna iliyopasuka, muoshe mikono kabla ya kugusa macho. Mafuta ya ganda lile hayana utani. Nimemaliza, endeleeni na miungu wenu.

Abuu wa Lindi

Ndugu yangu, sitaki kukuharibia uzi. Hadithi ni hadithi, hata za majini tumekua nazo. Ila hilo neno, kwa mama wa makamo yake, linachoma sikio. Badilisha jina. Si lazima uwaite miungu ndiyo wawe wakubwa.

Dada wa Nachingwea

Shida yako si jina, ni "wamechoka kukaa bure". Anayecheza kwa kukosa kazi akifungwa hapotezi kitu, ndiyo maana wenzako waliona na wao hawana cha kupoteza.

Chukua ngano ya Misri ya kale. Mwaka ulikuwa na siku 360, na Nut, mungu wa mbingu, alikatazwa kuzaa katika siku yoyote ya mwaka. Thoth, mungu wa hekima, akaenda kucheza na Mwezi. Akawa anamshinda, kila mara anamla kipande kidogo cha mwanga, mpaka akakusanya siku 5 nzima ambazo hazikuwa za mwezi wowote. Nut akazaa ndani ya siku hizo. Umeona? Kuna anayetaka kitu, kuna kizuizi ambacho nguvu haikivunji, na kuna mwenye mali ya kuwekwa rehani. Na alama ya ule mchezo inabaki hadi leo kwenye kalenda: 365. Waulize miungu wako saba, nani kati yao ana shida ambayo ubabe haumsaidii?

Msimulizi Kilwa

Naongezea. Michezo ya namna hii kama biashara ilianza Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, na swali la miungu limezunguka humo muda mrefu. Kwenye dunia yao moja, Forgotten Realms, yuko Ao aliye juu ya miungu wote. Aliwashusha waishi kama binadamu baada ya mabamba yake ya hatima kuibiwa, na walipomaliza adhabu akaifunga nguvu ya kila mmoja kwenye idadi na imani ya waumini wake. Usiye na wa kukuomba, unafifia.

Ukikubali hilo, jibu la nesi linakuja lenyewe. Wakipigana kwelikweli watawaua watu wanaowalisha. Mchezo ndio vita vyao visivyochoma shamba. Hata wale ndugu watatu wa Kiyunani, Zeus, Poseidon na Hades, waligawana dunia kwa kura: mmoja mbingu, mmoja bahari, mmoja kuzimu.

Ila swali la mwizi mstaafu hapo sijalijibu.

Mwana wa Mikindani

Ndilo linalonitesa. Kama ni vita vyao, sisi ni risasi tu.

Mzee wa Barazani

Wajukuu, mmekwenda Misri na Uyunani, mmerudi, na bao liko hapo kibarazani.

Mashimo 32, safu nne za nane nane. Komwe 64, kila mtu 32. Unaanza na 10 ubaoni, sita kwenye nyumba, lile shimo kubwa la safu ya mbele, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 umezishika mkononi. Hiyo ni namua, kila zamu unaingiza moja. Zikiisha mkononi unakuja mtaji, na hapo hakuna mpya tena. Kinachobaki ni kulana.

Sasa tazama. Ukimla mwenzako, komwe zake huzitii mfukoni. Unaziingiza kichwani upande wako, yaani shimo la mwishoni mwa safu ya mbele, unazitandaza, na tangu hapo zinakupigania wewe. Zamu ijayo naye anazila, zinarudi. Haifi hata moja. Mkikaa ni 64, mkiinuka ni 64.

Fanya miungu wako wawe wawili, watu ndio komwe. Zamani ilikuwa namua: kila mmoja ana wasiozaliwa bado mkononi, kwa hiyo wanachekeana. Sasa mikono mitupu. Akitaka waumini lazima awatoe kwa mwenzake, na mwenzake hivyo hivyo. Wale watano waliobaki waweke barazani wakitazama na kutia maneno. Hao ndio wanaoudhi kuliko wachezaji.

Msimulizi Kilwa

Shikamoo mzee. Nimeipenda, ila bao halina bahati ndani yake, ni hesabu tupu. Soksi ya korosho itafanya kazi gani?

Mzee wa Barazani

Marahaba. Komwe ya kwenye bao ukiichota haisemi kitu. Za kijana huyu zina miguu. Mungu akitia mkono shimoni kuna mmoja anagoma, au anakimbilia shimo ambalo halikuwa kwenye hesabu. Hapo ndipo mnatia mkono kwenye soksi. Huko juu hawana bahati, wana hesabu. Bahati iko huku chini, na ndiyo wanayoiogopa. Mwizi wako mwambie hivyo.

Dada wa Nachingwea

Mzee umenimaliza. Na kufungwa je?

Mzee wa Barazani

Safu ya mbele ikibaki tupu, umefungwa. Nyuma unaweza kuwa na komwe ishirini, hazikusaidii.

Mwana wa Mikindani

Wakuu, mrejesho wa Jumamosi. Miungu wamekuwa wawili, Mwenye Kusi na Mwenye Kaskazi. Mama nimemwambia ni hadithi ya pepo mbili zinazocheza bao, akasema "haya", lakini kiti chake kikasogea karibu na dirisha.

Lile la mwisho la mzee nililitumia lilivyo. Wakaingia kijiji cha safu ya nyuma. Watu wamejaa, ngoma inapigwa, wanamwomba Mwenye Kusi alete mvua. Kumbe Mwenye Kusi alishafungwa siku nyingi, mbele hana mtu, na hakuna aliyekwenda kuwaambia. Nesi akauliza nani atawapa habari. Kimya, korosho inazungushwa tu kidoleni. Mwizi mstaafu, yule yule, akasema "leteni soksi". Akatoa 3.

Mama kutoka dirishani: "Kwani hao wa kijijini wakijua wanaenda wapi?"

Tunaanzia hapo wiki ijayo. Mzee, swali moja: hao wa nyuma wanaweza kuliwa na Mwenye Kaskazi?

Mzee wa Barazani

Kwenye bao za nyuma haziliwi. Kwako uliza soksi.