Nataka kufunga AC ya split mwenyewe, gesi nifanyeje?

mkaazi_fuoni
Asalam aleykum jamani, nshanunua split ya BTU 12000 maana joto la kaskazi safari hii watoto hawalali, sasa fundi kanitajia pesa ya kufunga naona kubwa na mie drili ninayo na kutoboa ukuta wa matofali najua. Tatizo langu ni gesi tu, kwenye boksi wameandika R32, naweza kufunga mabomba nikafungulia gesi ikaingia au lazima niite mtu?

fundi_baridi
Waleykum salaam kaka. Kupandisha kapandishe mwenyewe wala usiogope. Lile bati la ukutani lipige pima maji likae sawa, na tundu litoboe likiinama kidogo kwenda nje, maji ya AC yanashuka yenyewe hakuna pampu na kwa unyevu wa huku kwetu yanatoka usiku kucha, mteremko ukikosea yatakudondokea kitandani.

Gesi ndio usiichezee. Imo tayari ndani ya autdoo (lile boksi la nje), lakini mabomba na indoo (lile la ndani) vimejaa hewa na hewa yetu ina maji. Wapo mafundi wanafungua valvu kidogo wanaisukuma hewa kwa gesi ileile, dakika moja wameshamaliza, mtu akikufanyia hivo mkatalie!! R32 inashika moto, halafu unyevu unaobaki unaharibu oili ya kompresa, AC itapoa vizuri sasa hivi kompresa ife kabla ya wakati wake. Inatakiwa pampu ya vakyumu ivute hewa yote kama nusu saa, ufunge geji usubiri, sindano ikirudi pana mahala panavuja, ikitulia ndio unafungua valvu kwa alenki, ile spana ya pembe sita. Kwa mtu wa AC moja pampu ni ghali, kwa hivyo maliza kazi yote ya ukutani kisha mwite mwenye pampu aje kuunga na kuvuta tu, na bei itashuka.

bi_chakechake
Mie niongeze la umeme, huku Pemba limeshatuunguzia bodi ya AC. Usiichomeke soketi moja na friji, ivutie waya wake wa 2.5 mm² na breka yake, na tafuta kile kifaa cha kulinda volteji kinachosubiri dakika chache umeme ukirudi ndio kinawasha.

mtoto_wa_malindi
Na walioko Mji Mkongwe kabla hujatoboa kaulize kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe, hizi nyumba za urithi wa dunia tangu 2000, autdoo huning'inizi tu barabarani. Na kuta zetu za mawe na chokaa bolti fupi haishiki. Walio karibu na pwani autdoo isuuzeni kwa maji matamu, sio ya kisima chenye chumvi, mapezi, vile vibati vyembamba vya nyuma, yanaliwa na chumvi haraka sana.

mkaazi_fuoni
Ahsanteni sana wallahi. Fundi, mabomba ya kwenye boksi ni mita 3 na autdoo nilitaka iwe nyuma ya ukuta huohuo, yatazidi, niyakate?

fundi_baridi
Usiyakate, mita 3 ndio kiasi cha chini kwa mashine nyingi. Yazungushe nyuma ya autdoo duara kubwa, polepole kwa mikono miwili, bomba likivunjika pembe hilo halifai tena. Na vile vizibo vya ncha za mabomba usivitoe mpaka mwenye pampu afike.