Ushauri: Mimi ni mzee wa kanisa, ila moyoni nimepoa. Nijiuzulu?

Mzee wa Ibada ya Kwanza (mleta mada):
Wakuu, habari za jioni. Nakuja na shida, naomba tusigeuze uzi uwanja wa kupigana madhehebu.

Mimi ni Mlutheri, mzee wa kanisa muhula wa pili hapa Dar, na niko kamati ya fedha. Jumapili nafika mlinzi hajamaliza kufungua madirisha. Mnada wa mavuno nasimamia mimi. Ujenzi wa nyumba ya mchungaji, mimi tena. Kwa nje utasema huyu ndiye nguzo.

Juzijuzi mama mmoja wa jumuiya yetu alilazwa. Katibu akaweka taarifa kwenye kundi la WhatsApp. Nikatuma elfu ishirini kwa simu, nikaandika "Pole mama, tunakuombea", nikaendelea kuangalia mpira. Sikuomba. Wala sikwenda kumwona. Siku kumi na mbili baadaye nimesimama kando ya jeneza nasoma salamu za usharika: "tulikuwa naye bega kwa bega kipindi chote cha ugonjwa." Karatasi niliiandika mwenyewe. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Nilipokaa chini nikaanza kupiga hesabu kama sadaka ya siku ile itafika laki tatu.

Usiku nikapiga magoti nitubu. Nikajikuta nasema sala ya chakula.

Nijiuzulu uzee, au nikaushe tu?

Kichwa Ngumu:
Sala ya chakula saa nne usiku 😂 Samahani mkuu. Usijiuzulu bwana, wakiondoka wote waliopoa sadaka atahesabu nani?

Moto wa Juu:
Ndiyo shida ya ibada za kusoma kitabuni. Karibu kwetu, huku kuna moto.

Alto wa Zamani:
@Moto wa Juu, kaomba tusifike huko. Halafu huko kwenu mimi nimekaa miaka sita. Nilizoea kulia kwa ratiba: kinanda kikishushwa sauti tu, machozi haya hapa. Nikifika kituo cha daladala sikumbuki nililia nini. Kupoa hakuulizi dhehebu.

Mwanafunzi wa Neno:
Mleta mada, soma Ufunuo sura ya 3, barua kwa Laodikia. Mji ule ulikuwa karibu na Denizli ya leo, Uturuki. Ulikuwa na fedha, sufu nyeusi yenye jina, na watu wake walijiweza kweli: tetemeko lilipoubomoa mwaka 60 baada ya Kristo, mwanahistoria wa Kirumi Tacitus anaandika kwamba waliujenga upya bila msaada wa Roma. Sasa kanisa la mji wa namna hiyo nalo likaanza kusema "sina haja ya kitu". Barua haiwashutumu kwa uzinzi wala sanamu, kama ilivyowashutumu wa Pergamo na Thiatira. Huenda hata ripoti yao ya mapato na matumizi ilikuwa safi.

Na ule mstari wa "nasimama mlangoni, nabisha", ambao tumezoea kuwahubiria walevi wa mtaani, waliandikiwa watu wa kanisani. Aliyeachwa nje anabisha ni Bwana mwenyewe.

Daktari wa Usiku:
Kamati ngapi hizo? Punguza, ulale. Uchovu nao unakausha moyo. Ila la kutokwenda hospitali usilisingizie uchovu, mpira uliangalia.

Ma Omukuru wa Bukoba:
Mwanangu, mimi ni mtoto wa watu wa Uamsho, ule wa makanisa ya Afrika Mashariki. Uganda injili ya Waanglikana iliingia 1877, na miaka 50 baadaye kanisa lilikuwa kubwa, lina shule na hospitali, na wengi ndani yake wamelala. Ndipo Mganda Simeoni Nsibambi na daktari mmisionari Mwingereza Joe Church wakakutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Moto ukawaka Gahini, Rwanda, ukafika na kwetu Bukoba.

Mimi nilichokiona nyumbani kilikuwa kidogo tu. Baba alikuwa mwinjilisti. Siku moja alibeba jembe begani akalirudisha kwa jirani aliyekuwa amelisahau kwetu miaka minne, akasema mbele ya mkewe na watoto, "Nililificha." Walikuwa wanaita kutembea nuruni. Hakujiuzulu, ila Jumapili hiyo hakuhubiri.

Wewe umekuja kutuungamia sisi tusiokujua hata sura. Mume wa marehemu je?

Mzee wa Ibada ya Kwanza (mleta mada):
Ma, shikamoo. Neno lako lilininyima usingizi. Leo jioni nimekwenda.

Mzee alifungua mlango, akanitazama, akasema "Subiri kidogo." Akaingia ndani, akatoka na bahasha ya sadaka ya ahadi ya marehemu, namba yake kabisa, ndani elfu kumi na tano. Akasema, "Aliiacha kwenye kabati. Nilijua mtaifuata."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikapokea, nikashukuru, nikaondoka. Sikukaa hata kwenye kiti. Bahasha iko hapa mezani, sijui niipeleke ofisini au nimrudishie.

Ma Omukuru wa Bukoba:
Marahaba. Bahasha iache hapo mezani. Wewe rudi kwake kesho, na akikuuliza umefuata nini, mwambie.

Kichwa Ngumu:
Mkuu, ukirudi utupe mrejesho. Sicheki tena.