Muhuri uko, wino umekwisha: mwamshikilia mchezaji wa nini na hamumlipi?

Wanabaraza, sabalkheri. Mimi sijalala. Tangu jana jioni natafuna midomo, na bora niyamwage hapa kuliko kuyamwaga dukani kwa mtu nikaonekana sikufunzwa adabu.

Timu yetu ya mtaa hapa Mombasa sitaitaja. Ina kijana wa miaka 19, winga wa kushoto, jezi 11. Mguu ule, mashallah, beki akimsogelea anajuta mapema. Msimu uliopita ndiye aliyetuokoa tusishuke. Sasa timu ya daraja la juu kutoka bara imemtaka. Walimwona uwanja wa Tononoka mara mbili, wakampigia simu, wakampa nauli akaenda majaribio, akafaulu. Kimebaki kikaratasi kimoja: barua ya kuachiliwa, yenye muhuri wa klabu.

Jana nikamsindikiza kuichukua. Ofisi ya timu ni chumba kilicho nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la mmoja wa viongozi, wapita katikati ya mifuko ya saruji ndiyo ufike. Kijana kavaa shati lake la harusi. "Shikamoo ami." Kaitikiwa marahaba, kakalishwa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Barua kaichapisha mwenyewe kwa saiba, kwa shilingi 20 za mfukoni mwake, kaitia ndani ya mfuko wa plastiki isikunjike. Mzee akaisoma. Akaisoma tena. Akavuta mtoto wa meza, akautoa muhuri tukauona kwa macho yetu, akaugonga kwenye kidau mara mbili, akautazama kama mtu atazamaye jino lililong'olewa. Kisha akasema, "Muhuri uko, wino umekwisha. Njoo wiki ijayo."

Wiki ijayo dirisha la usajili, yaani muda wa kuhamisha wachezaji, litakuwa limefungwa. Na mzee alijua hilo.

Kijana akainuka, "Haya ami, asante," akatoka na bahasha yake. Mimi nikabaki. Nikamwuliza mzee, mbona risiti za dukani zagongwa muhuri mbichi mbele yetu saa hii hii? Ndipo yaliyo moyoni yakatoka: "Huyo mtoto tumemlea sisi. Wakimtaka walete laki mbili."

Haya, tuyahesabu hayo malezi. Siku ya mechi apewa shilingi 100 za nauli, na siku nyingine hata hizo hazipo, apanda tuktuk kwa deni. Njumu zake zimeshonwa na fundi viatu hadi uzi ni mwingi kuliko ngozi. Saa kumi alfajiri yuko Kongowea akishusha magunia ya viazi, saa kumi jioni yuko mazoezini. Alipoteguka kifundo, aliyempeleka kukandwa ni mamake, na pesa ni mchango tuliopitisha sisi maskani, mia mia, hamsini hamsini. Mkataba? Niliomba nionyeshwe. Nikaletewa daftari la shule lenye orodha ya wachezaji, na jina lake limeandikwa kwa penseli. Kwa penseli, jamani.

Halafu mtu wa penseli anithubutia, "Hata Tottenham walimkatalia Kane, mshambuliaji wao, asiondoke." Hapo ndipo nilipokaribia kupasuka.

Mzee wangu, Kane mwaka 2021 alipotaka kwenda Manchester City alikuwa na mkataba wa hadi 2024, umetiwa saini, na mshahara waingia. Tottenham walikuwa na haki ya kusema hapana, na mimi nawaunga mkono. Alirudi mazoezini, akafunga miaka miwili zaidi, akaenda Bayern 2023 kwa pesa zinazokaribia euro milioni 100. Luis Suárez wa Liverpool vilevile. Mwaka 2013 Arsenal walipeleka ile ofa ya kichekesho ya pauni milioni 40 na pauni moja juu, Liverpool wakamzuia, akanuna, kisha akawafungia mabao 31 ya ligi na ubingwa ukawaponyoka kwa pointi 2 tu. Ronaldo naye, kocha wake wa Manchester United, Ferguson, alimshika 2008, wakachukua ligi tena, wakacheza fainali ya Ulaya kule Roma, kisha 2009 akauzwa Real Madrid kwa pauni milioni 80. Kushikilia nyota si dhambi. Mwenye mkataba wa miaka, anayelipa, na mwenye timu ya kumpa huyo mtu sababu ya kuamka asubuhi, na ashikilie.

Nayasema haya nikiwa shabiki wa Arsenal, na sisi Arsenal tumechomwa kwa pande zote mbili za chapati. Mfungaji wetu Van Persie tulimwachia aende Manchester United 2012 kwa pauni milioni 24. Akawafungia mabao 26 ya ligi, yakiwemo matatu (hat-trick) siku ya kutwaa ubingwa. Wiki hiyo hiyo akaja Emirates, uwanjani kwetu, vijana wetu wakajipanga mistari miwili kumpigia makofi. Niliitazama mechi ile ukumbini Majengo, na mtu wa United alikuwa ameninunulia kahawa ili anione nikinywa. Basi 2017 tukasema hatuuzi ovyo tena. Mshambuliaji wetu Sánchez akatakiwa na Manchester City, pesa yapata pauni milioni 60 zikawa mezani siku ya mwisho, mbadala hakupatikana, tukabaki naye, na mkataba wake umebakiza miezi. Januari akaenda Manchester United kwa kubadilishana na mchezaji wao Mkhitaryan, bila hata senti ya kujipoza. Msimu tukamaliza wa 6.

Kwa hiyo msinidanganye kwamba kumwachia ndiyo busara siku zote, wala kumshika ndiyo uanaume.

Na kama Ulaya iko mbali, tumchukue Mkenya wetu, Victor Wanyama, alipokuwa Southampton. Alitaka kwenda Tottenham 2015. Southampton wakagoma. Mwaka uliofuata wakamuuza huko huko Tottenham kwa yapata pauni milioni 11, wakati wao walimnunua Celtic kwa 12.5. Wale walikuwa na mkataba na wanalipa, na bado hesabu iliwarudi. Sisi wa penseli tutapata nini?

Kisa kinachofanana na cha kijana wetu si cha Kane hata kidogo. Ni cha George Eastham. Huyu alichezea Newcastle, mkataba wake ukaisha 1960, akakataa kutia mwingine, akataka kuondoka. Sheria ya Uingereza ya wakati huo iliiruhusu klabu kushika usajili wa mchezaji hata kama mkataba umekwisha na hata kama haimlipi. Yaani hachezi kwao, na hawezi kucheza kwingine. Akaacha mpira, akaenda kuuza vizibo. Mwishowe wakamuuza Arsenal kwa pauni 47,500, lakini kesi hakuiacha, na mwaka 1963 mahakama ikasema utaratibu ule wamfunga mtu mikono kupita haki. Kisha mchezaji Bosman kule Ubelgiji: mkataba umekwisha, klabu bado yadai pesa ili imwachie aende klabu ya Dunkerque, Ufaransa, mahakama ya Ulaya ikalimaliza jambo hilo tarehe 15 Disemba 1995. Miaka 30 na ushei imepita. Sisi hapa Kisauni bado tuko 1960, tena kwenye chumba cha saruji.

Kanuni za FIFA mnazozipenda mkitaka pesa, zisomeni basi. Mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na anayelipwa zaidi ya gharama zake za kucheza. Mwingine yeyote ni wa ridhaa, achezaye bila mshahara. Kijana wetu hana hata kimoja. Na hata angekuwa na mkataba, klabu isipomlipa mishahara ya miezi 2, anaiandikia, anaipa siku 15, wasipolipa anaondoka na haki yake. Nyinyi mna deni naye la miezi isiyohesabika, na ndio mnadai laki mbili!

Kinachoniuma zaidi ni ujinga wa hesabu yenyewe. Kijana akienda bara, akang'ara, siku moja akauzwa nje ya nchi, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomkuza tangu miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa kuanzia miaka 16 ni nusu asilimia ya ada nzima. Tumekuwa naye misimu mitatu. Akiuzwa kwa shilingi milioni 20, hiyo ni laki tatu, halali, kwa karatasi, bila kumkalisha mtu kwenye ndoo. Lakini ili mzipate, lazima usajili wake uwe na kumbukumbu inayosomeka. Penseli hailipwi.

Najua wapo watakaosema, "Na sisi tucheze na nani? Mombasa tumekuwa shamba la kuvuna la timu za bara." Uchungu huo naujua. Mji huu ndio wa klabu ya Feisal, mabingwa wa Kenya wa 1965, na wazee wetu bado wawataja wachezaji wale kama wataja mashehe. Lakini hatukuukosa ubingwa kwa sababu vijana waliondoka. Tumeukosa kwa sababu wanaobaki hawapewi hata maji.

Jana baada ya kutoka nilimkuta kijana amekaa kwenye kibaraza cha duka la jirani, anaikunja ile bahasha ya plastiki, anaikunjua. Nikamwambia tutapigana. Akaniambia, "Ami, usigombane naye. Yeye ndiye aliyenipa jezi ya kwanza." Sikuwa na la kujibu, na ndiyo maana sijalala.

Naomba mwenye kujua atuambie: mchezaji wa ridhaa akinyimwa barua bila sababu, malalamiko hupelekwa tawi la kaunti la shirikisho la soka au moja kwa moja makao yake makuu Nairobi? Na kuna aliyewahi kushinda? Sitaki hotuba za "mwachieni Mungu." Mungu nimeshamwachia, sasa nataka anwani.

NYONGEZA, adhuhuri: Aliyeandika hapo chini kwamba kijana "hana shukrani" namwomba aje Kongowea kesho saa kumi alfajiri, gunia la viazi limsubiri, tutazungumzia shukrani akishalishusha. Na ndugu wa Likoni uliyeuliza kama timu ya bara itamlipa kweli: ndiyo, mkataba nimeusoma, miaka 2, mshahara umeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Kwa kalamu.

NYONGEZA YA PILI, baada ya magharibi: Nimenunua wino. Chupa ndogo ya zambarau, shilingi 150, nimeupeleka mwenyewe hadi dukani na kuuweka juu ya meza. Mzee ameushukuru sana. Sasa asema muhuri ameuchukua mwenyekiti, na mwenyekiti yuko Kwale kwa harusi ya bintiye, hashiki simu. Kesho baada ya sala ya alfajiri mimi na kijana twavuka feri. Mwenye pikipiki ya kuazima upande wa Likoni anitafute.