Naomba ushauri: uvimbe wa maji kwenye ini, na mbwa tunao nyumbani

Habari zenu ndugu zangu. Niko Moroto, Karamoja, Uganda. Mama mkwe amepigwa altrasaundi akakutwa na uvimbe wenye maji kwenye ini. Daktari anasema umetokana na mayai ya tegu wa mbwa, ugonjwa unaojulikana sana huku kwetu na ng'ambo ya mpaka, Turkana, Kenya. Ameanzishiwa albendazoli, dawa ya minyoo, upasuaji utaamuliwa baadaye.

Kuna jirani anashikilia tumpeleke kwa mganga akachanjwe maji yatoke. Nimekataa katakata. Mfuko ule ukipasuka ovyo, mgonjwa anaweza kupata mshtuko wa kumuua, na ugonjwa ukasambaa tumboni.

Kinachoninyima usingizi ni watoto. Mbwa wetu wanalinda mbuzi, na kila tukichinja hutupiwa mapafu na maini, hasa yale yenye malengelenge ambayo hakuna anayeyataka. Tegu anaingilia hapo hapo! Mayai yake hutoka na kinyesi, hunasa kwenye manyoya, na watoto huwakumbatia mbwa hao kisha wanakula bila kunawa. Usiku mbweha nao huja kuokota mabaki.

Wenye uzoefu nisaidieni: mbwa wapewe prazikwanteli, dawa ya kuua tegu, kila baada ya muda gani? Kinyesi chao cha siku za dawa nichome au nizike? Watoto wapimwe hata kama hawalalamiki maumivu? Shimo la mabaki liwe na kina gani mbweha wasifukue? Na kama kuna aliyeuguza mtu akafanyiwa upasuaji huu, tafadhali anieleze alivyoendelea.